Ukuta wa Jiko la Nyanya

Nilikuwa darasa la saba, huko Mbooni, miaka ya sabini, nilipoanza kula ukuta.

Jiko la nyanya yangu lilikuwa la udongo mwekundu, na mvua ikinyesha lilinukia hadi mate yakanijaa mdomoni. Nilibandua kidogo kidogo kwa kucha. Kwetu mwanamke akipatikana anatafuna udongo haulizwi anaumwa wapi. Anaulizwa ni miezi mingapi. Tumbo langu lilikuwa limevimba, hedhi imekatika, na nikipanda mlima na maji nilitweta kama mbuzi aliyefukuzwa. Nyanya aliyajumlisha hayo yote akapata mtoto.

Baba aliniuliza swali moja tu.

“Sema ni ya nani.”

Sikuwa na jina la kumpa. Niliapa kwamba sijamjua mwanamume, naye akasema wote huapa. Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa mstari wa mbele, na aibu ilimla kuliko mimi nilivyokula udongo. Akanitoa shule na kuniamuru nisitoke jikoni kwa nyanya. Mlango ulifungwa kwa waya. Basi wakanifungia ndani ya chakula changu, na kwa hasira nikala zaidi, mpaka pembeni mwa meko pakawa na shimo. Kengele ya shule niliisikia kutoka bondeni. Wenzangu walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho, na mimi nilikuwa nahesabiwa mimba. Nilimchukia baba, na sitasema vinginevyo.

Mtihani ulipokwisha ndipo nyanya akanipeleka zahanati. Si kwa sababu ya huruma: baba alitaka mkunga ataje miezi, ili wazee wakienda kwa kina kijana, huyo watakayemkisia, wawe na la kusema.

Mkunga alinibonyeza tumbo. Akavuta chini kope yangu, akatazama viganja, vyeupe kama vya maiti. Akauliza kama navaa viatu shambani, na tunajisaidia wapi. Nikasema migombani, sote, miguu mitupu. Akanipa kiberiti kitupu niende nacho nyuma ya nyumba nikalete choo. Kilipotoka kupimwa, alimgeukia nyanya.

“Susu,” akamwita, ndiyo nyanya kwa lugha ya kwetu, “hapa hakuna mtoto. Ni minyoo ya safura. Imemnyonya damu.”

Nyanya akamwomba apime tena.

Nilikunywa unga mchungu uliokorogwa kwa maji, kisha vidonge vyekundu vya kuongeza damu kwa majuma mengi. Pumzi ikarudi. Siku moja mvua ilinyesha, na ukuta ukanukia udongo tu.

Hakuna aliyeniomba radhi. Baba alichimba choo nyuma ya migomba, na siku ya soko akaniletea viatu vya plastiki, akaviweka mlangoni. Vilinitosha vizuri. Nilivivaa kwenda shambani kulima, kwa sababu baba alikuwa ameshaamua kwamba msichana aliyewahi kusemwa hivyo harudi kukaa darasani na watoto wa watu.