Ahadi Niliyoitoa Bila Kuisikia

Ndege ninayorusha ni ndogo, ya injini moja. Hubeba mafundi wa migodi na mabegi yao kati ya Shinyanga na viwanja vya vumbi vya Geita, na kwa miaka mingi nililipia raha ya kuruka kwa masikio yangu. Hedfoni za zamani zilibana kichwa na kelele zikapita vilevile. Mwishowe nikanunua zile za betri, zinazousikiliza mngurumo wa injini na kuumeza. Ukibonyeza kitufe, injini inakuwa kama inaungurumia nyumba ya jirani, na sauti ya mtu inakuja safi mpaka unamsikia akimeza mate. Zinafanya kazi vizuri mno. Ubaya wake ni kwamba ukizivua, dunia nzima inanong'ona.

Ardhini nilikuwa nusu kiziwi, na sikumwambia mtu. Habari kama hiyo ikianzia mnadani Kishapu asubuhi, jioni imefika Geita. Kinyozi kiziwi bado atapata wateja, rubani kiziwi hapati.

Baba yangu ni mfugaji huko Kishapu. Kwetu makelele ni ya kuswagia ng'ombe. Jambo zito mzee hulisema mara moja, kwa sauti ya chini, mkiwa mmesimama kando ya zizi, na kumwambia arudie ni kumwambia hukuwa unamsikiliza. Basi kila nilipokwenda kumsalimia, baba alisema yake, nami nikatikisa kichwa na kujibu, "Sawa baba, nitaliangalia." Ni jibu zuri sana. Ofisi nyingi zinaendeshwa nalo.

Siku moja dada yangu, anayeishi na baba, akanipigia. Simu naisikia, maana sauti naiweka hadi mwisho.

"Kaka, baba anauliza lile ulilomwahidi ni lini."

"Lipi?"

"Mimi ataniambia? Anasema wewe unalijua."

Niliogopa kweli. Huenda nilikubali kuoa mke wa pili. Huenda nilimpa baba mdogo ng'ombe wangu wote. Kumuuliza mzee ilikuwa aibu kwangu na tusi kwake. Ndipo nikagundua kwamba mahali pekee ambapo ningemsikia baba barabara ni ndani ya chombo chenye kelele kuliko vyote nilivyovijua. Ndege ilikuwa na safari ya kurudi Geita tupu, nikamwomba bosi nimchukue mzee, akakubali.

Baba alikuja amevaa koti la sherehe. Dada alimshika mkono kumpandisha, nikadhani ni woga wa ndege. Nikamvalisha hedfoni za pili, za betri kama zangu. Tulipokuwa juu, sauti ya mwongozaji wa ndege aliye ardhini ikaingia masikioni, na baba, kwa kuwa ana adabu, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Nilijua sauti yake huko haifiki, maana sikuwa nimebonyeza kitufe cha redio. Baba hakujua, akasubiri kuitikiwa.

"Huyu mtu ana kiburi," akaniambia.

Nilisikia kila neno, nikafurahi kama mtoto. Nikamwonyesha bwawa, kisha mashamba ya pamba. "Naona," akasema. "Naona." Tulipoikaribia Geita nikamwonyesha shimo la mgodi, lililo kubwa kuliko kijiji chetu.

"Naona," akasema. "Ng'ombe wao ni wengi."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kisha nikajikaza. "Baba, lile jambo letu. Tuliongee vizuri, huku hakuna wa kutusikia."

"Nyanda, nilikwambia macho yananiacha. Nikakuomba unipeleke kwa daktari, ukasema utaliangalia. Baada ya mavuno nikakukumbusha, ukasema vilevile. Nikajua mwanangu amekataa, ila ana heshima."

Hedfoni zilifanya kazi yake. Sikupoteza hata neno moja, na kwa mara ya kwanza tangu nizinunue nilitamani injini inifunike. Nikamweleza habari ya masikio yangu, yote, bila kupunguza.

Baba alifikiri. "Na wanakuachia uendeshe kitu hiki?"

Wiki ileile nilimpeleka Mwanza. Daktari, dada mmoja mpole, alimmulika macho kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda na halirudi, la kulia atajaribu kulizuia lisifuate. Mgonjwa angeletwa mapema, akasema, hali ingekuwa nyingine. Kisha akanigeukia mimi na kuuliza mzee alianza kulalamika lini.

Nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Juzi tu, daktari," akasema. "Na kijana wangu nilipomwambia, alinileta palepale."