Umri wa Mdogo Wangu

Wiki ya kwanza ya kambi pale Mbeya sikuwa na hakika kama niko macho au bado naota. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukatanda juu ya uwanja mpaka saa tatu, nasi tulikimbia humo humo, tukisikia pumzi za wenzetu kabla ya kuwaona. Mpira ulitokea ghafla, umelowa, kama umetumwa na mtu asiyeonekana, ukakugusa mguu na kupotea tena. Nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba. Nililisema hilo kimoyomoyo kila nilipofunga kamba za viatu, kwa sababu nilipolisema kwa sauti halikuingia masikioni mwangu mwenyewe.

Walituleta nyanda za juu kwa kuwa mashindano ya kufuzu ya kanda yangechezwa nchi jirani, kwenye mji wa milimani, na mwalimu alitaka vifua vyetu vizoee mapema. Wenzangu wengi walitoka Pwani na Kanda ya Ziwa. Walilala na soksi mbili mbili na bado waliamka wakitetemeka. Mimi nimezaliwa Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Baridi naijua.

Chumbani nililala na winga mmoja kutoka Tanga. Alfajiri aliswali amejifunika blanketi mpaka kichwani, kisha akarudi kitandani kunisimulia kwamba kwao hata mvua ni ya moto. Aliniita kaka tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini, wakati umri wetu ni mmoja, alisema sura yangu ndiyo inayomlazimisha. Tukacheka. Kwa karatasi zangu nilikuwa na miaka kumi na mitano na miezi kadhaa. Ukubwa wa mwili haukuwa jambo geni kwangu. Tangu darasa la kwanza niliwapita wenzangu kimo, na walimu walipouliza, mama alisema ni uji wa ulezi.

Siku kumi kabla ya safari tulipelekwa hospitali mjini kupimwa mifupa. Daktari wa timu alitueleza kwenye basi. Karibu na kifundo cha mkono, alisema, kuna mstari ambao mfupa hukulia. Kwa mtoto mstari huo uko wazi, na mtu akishakomaa unafunga. Kuna mashine kubwa inayopiga picha ya huo mstari, na picha haimuulizi mtu alizaliwa lini.

Nililazwa kifudifudi, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, ukaingizwa peke yake kwenye tundu la ile mashine. Ilianza kugonga. Ulikuwa mlio wa mtu anayepiga debe chini ya maji, mbali, bila kuchoka. Wakaniambia nisitikisike. Nikasinzia. Nikaota niko shambani kwa mama, ukingoni mwa Ruaha Mdogo, napanga nyanya kwenye makasha, na kila kasha nikilijaza nalikuta tupu. Waliponiamsha, mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi begani.

Siku mbili baadaye mwalimu aliniita. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya stoo ya mipira, na karatasi iko mapajani, imekunjwa. Aliniambia niketi. Aliwatazama kwanza wenzangu wanaonyoosha viungo upande wa pili.

"Mfupa wako umefunga, kijana wangu," alisema.

Nikamwambia mwalimu, cheti changu cha kuzaliwa unacho. Akasema anacho na amekisoma, wala haniiti mwongo. Lakini akinipeleka na wenyeji wa mashindano wakanipima upya, timu nzima itarudishwa nyumbani. Nikauliza kama mashine haiwezi kukosea. Alisema inaweza, daktari naye amemwambia wapo wachache ambao mfupa huwahi. Ila hawezi kuwaweka vijana wote rehani kwa ajili yangu. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nadhani angenifokea ningeumia kidogo zaidi ya hapo na kupona haraka zaidi.

Halafu akasema jambo ambalo bado namshukuru. Akasema basi langu ni la kesho asubuhi, kwa hiyo mazoezi ya jioni nifanye kama kawaida. Nilifanya. Sikumbuki mazoezi mengine yoyote kama nayakumbuka yale. Jua lilikuwa la njano na jembamba, miguu yangu haikuwa na uzito, na kila mpira niliopiga ulitua pale nilipowaza. Nilikuwa kama mtu anayeogelea usingizini. Hakuna aliyeniambia neno, lakini niliona wananipa pasi hata pasipostahili.

Asubuhi yule wa Tanga alinibebea begi mpaka stendi. Alikaa nami hadi basi lilipowashwa, kisha akaniambia, "Nisamehe, kaka," kana kwamba yeye ndiye aliyeufunga ule mfupa.

Sikuweza kwenda nyumbani. Kalenga walikuwa wamenifanyia sherehe ya kuniaga, kwa wali na kuku na sala. Nilishuka Nyololo, njiani, ambako dada yangu mkubwa ana mgahawa ukingoni mwa barabara kuu. Aliniona nimesimama mlangoni na begi lenye rangi za taifa. Alisema kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu, nikaitikia kamwene. Hakuuliza. Alinipa kisu na ndoo ya viazi, akanionyesha kigoda.

Nilikaa pale wiki tatu nikimenya viazi. Malori yalitokea kwenye ukungu taa zimewashwa mchana, madereva wakashuka, wakanywa chai, wakaingia tena kwenye ukungu. Hakuna aliyenijua. Nilikuwa mdogo wake mama wa mgahawa, basi. Mara nyingine nilikaa muda mrefu nimeshika kiazi kimoja nikikitazama kifundo cha mkono wangu, nikijaribu kuona kinachofungwa humo ndani na kwa ufunguo wa nani.

Mechi tuliziona kwenye televisheni iliyokaa juu ya friji ya soda. Ya kwanza tulitoka sare. Ya pili na ya tatu tulishinda, na yule wa Tanga alifunga moja kwa kichwa, yeye ambaye kambini alikwepa mipira ya vichwa. Ikaja nusu fainali, ambayo mshindi wake anafuzu. Kwenye nafasi yangu alicheza kijana ambaye nilimfahamu kidogo tu, mpole, wa benchi. Dakika za mwanzo alipokonywa mpira mara mbili. Nakiri kwamba nilifurahi. Haikuwa furaha ndefu, lakini ilikuwepo, na niliiona ikipita ndani yangu kama nyoka anavyopita kwenye majani. Kipindi cha pili, tukiwa mbele kwa bao moja, mpira ulimpita golikipa wetu, na kijana yule alirudi mbio sijui kutoka wapi akauondoa juu ya mstari. Nilijikuta nimesimama na kisu mkononi. Dada alinishika mkono akakitoa taratibu.

Tulifuzu. Madereva walipiga makofi wakarudi kwenye sahani zao. Mimi nilitoka nyuma, penye maganda ya viazi, nikalia. Nililia kwa sababu nilifurahi kweli, na kwa sababu furaha ile haikuwa na mahali pa kukaa.

Dada alinifuata. Aliniacha kwanza nimalize. Kisha akasema ana jambo limemkaa tangu aliponiona mlangoni. Aliyenipeleka kuandikishwa shule alikuwa yeye, akiwa msichana bado, na kadi ya kliniki alikabidhiwa na mama. Njiani aliisoma. Tarehe iliyokuwamo haikuwa yangu. Aliporudi alimwambia mama, mama akamwambia anyamaze. Akanyamaza. Na cheti changu cha kuzaliwa kilitokana na kadi hiyo, na ubatizo wangu, na kila kitu.

"Kadi ya nani?" nikauliza.

"Kamuulize mama. Hilo si langu kulisema."

Nilimkuta mama shambani, ameinama kwenye nyanya. Dada alikuwa ameshampigia simu, kwa hiyo hakushtuka. Alinawa mikono mtoni, akanitangulia nyumbani, akanipakulia makande, akakaa kunitazama nikila. Ndipo akaingia chumbani, akatoka na kadi ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwa nje. Hapakuwa na jina la mtoto. Ilikuwa imeandikwa "mtoto wa", halafu jina la mama. Sikuwahi kuifungua. Ndani mlikuwa na ile chati ya uzito, mistari yake imepinda kwenda juu. Palikuwa na nukta tatu za kalamu ya bluu zinazopanda vizuri, moja juu ya nyingine. Baada ya hapo chati ilikuwa tupu mpaka mwisho.

Mama alizungumza akiwa anatazama mlangoni. Alisema nilikuwa na mdogo wangu. Alizaliwa mimi nimeshapita miaka miwili, wakati baba yuko Mufindi kwenye chai, kabla hajatuacha kabisa. Homa ilimshika mtoto ghafla. Mama alimbeba kwa miguu kuelekea hospitali ya Tosamaganga, na kabla hajafika alisikia mgongo umekuwa mzito kwa namna nyingine. Alikuwa hajabatizwa. Jina walikuwa bado wanalibishania. Kadi yangu mimi iliwahi kuliwa na panya, na ulipofika wakati wa shule, ambao kwangu ulichelewa kwa sababu ya kifua, ndani ya nyumba ilikuwepo kadi moja tu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba yangu imepotea. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake.

Akasema, "Nilitaka na yeye aende shule."

Nilikwenda kulala mchana ule ule na nililala hadi kesho yake. Katika usingizi na nje ya usingizi nilikuwa napiga hesabu. Daftari zangu zote za shule, ripoti, fomu ya kujiunga na timu ya mkoa, ile karatasi aliyoikunja mwalimu mapajani: jina lilikuwa langu na miaka ilikuwa yake. Nilimkasirikia mama siku kadhaa. Nilimkasirikia na mtoto, jambo ambalo ni la ajabu, kumkasirikia mtu mwenye nukta tatu. Lakini hasira haikukaa. Nilikuwa namwagilia nyanya pamoja na mama asubuhi moja, mvuke unainuka mtoni, nikajisikia nikimuuliza alikuwaje. Mama alijibu haraka, kama alisubiri swali hilo miaka yote. Alisema alikuwa mweusi kunizidi. Alisema alinyonya huku ameshika sikio langu, na mimi nilikuwa nakubali, nakaa kimya nimeinamisha kichwa mpaka ashibe.

Nilimpigia mwalimu nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amefurahi kujua, kwa sababu alikuwa akikosa usingizi kwa kudhani alimwonea mtu. Yule wa Tanga alicheka na kulia kwa simu, akasema basi kuniita kaka alikuwa na haki.

Kurekebisha cheti kulichukua karibu mwaka. Mwisho tulikaa, mama na mimi, mbele ya karani mmoja mjini Iringa, mwanamke mwenye subira. Mwaka niliozaliwa mama aliujua. Siku na mwezi hakuvijua, ila kwamba watu walikuwa wanavuna maharage. Karani akauliza tuandike tarehe gani. Mama akamwambia mwaka abadilishe, siku na mwezi aviache vilivyo.

"Wameshazoea," alisema.

Karani alinitazama, nadhani akidhani mama amekosea kusema. Nilimwambia aandike hivyo.

Sasa mimi ni fundi wa kujenga, naishi Iringa mjini. Jumapili nachezea timu ya mtaa, watu wazima watupu, wengine wana vitambi, na hakuna anayepimwa chochote. Mama hakuwahi kuniona nikicheza, kwa sababu daima palikuwa na shamba. Mwaka jana tulikuwa na mechi Tosamaganga, akaja kwa mara ya kwanza, amevaa kitenge cha kanisani, akakaa kwenye nyasi pembeni ya mstari wangu wa kushoto. Nilimsikia kila nilipopita. Hakushangilia. Aliniambia nifunge kamba ya kiatu, na baadaye kwamba nimpishe yule mwenye jezi nyekundu kwa sababu anaonekana amechoka.

Tulifungwa mbili bila. Njiani, tukiteremka kwa miguu kuelekea Kalenga kati ya mikaratusi, mama alitaka kujua kama wale vijana wa upande wa pili wametoka mbali, na kama kuna mtu aliyewapikia.