Kete za Bibi wa Kisegi

Kwa miaka mingi mama yangu aliwaficha majirani zetu wa Migori kazi niliyokuwa nikifanya. Wakimuuliza, alijibu, "Yuko hospitalini Homa Bay," kisha akaanza habari za mvua, nao wakadhani mimi ni nesi. Angesemaje? Nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, kila aliyemaliza shule anatazamia kukalia kiti cha Mzungu, na binti yake analipwa kucheza na watoto!

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliajiriwa kufua mashuka. Sista mkuu, mtawa wa Kizungu mwenye hatua ndefu, aligundua kwamba nikipita kwenye wodi ya watoto kilio kinapungua, akanitoa kwenye karai. Kazi yenyewe haikuwa na jina. "Wewe cheza na wao," akaniambia, "lakini kelele hapana." Hilo la pili hatukuwahi kuelewana, mimi na yeye.

Kelele zilikuwepo, tena nyingi. Nilishona wanasesere kwa bendeji zilizochakaa. Kabla mtoto hajadungwa sindano, alimdunga kwanza mwanasesere kwa bomba lisilo na sindano, halafu akanidunga mimi matakoni. Nililia, nikamkimbia daktari wangu mdogo wodi nzima nikiomba msamaha, na wenzake wakacheka mpaka wengine wakashikwa na kikohozi. Watoto walitoka visiwani kupitia Mbita, walitoka Kosele, wengine walitoka huku kwetu mpakani na kuzungumza Kikuria kama mimi. Lugha zilipotushinda, matako yangu yalitosha kuwa mkalimani.

Ndipo akaletwa msichana wa Kisegi, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Alikuwa ameangukia sufuria ya uji wa moto, kiganja cha mkono wa kulia kikaungua. Kidonda kilipona vizuri, ila ngozi mpya ilivuta vidole ndani, kidogo kidogo kila siku. Daktari, aliyekuwa akija kwa zamu kutoka Kisumu, alisema vidole vifunguliwe na kufungwa kila siku. Kama atakaporudi bado vimekunjana, atamchukua mtoto akampasue huko.

Bibi yake, aliyekuwa akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, alikataa palepale. "Kisu hapana," alisema. "Kama ni kisu, mimi napeleka mtoto nyumbani."

Sista akaniita nje. Akaniambia mtoto akirudi nyumbani hivyo, mkono ule utabaki ngumi maisha yake yote: hautashika jembe, wala kalamu, wala mkono wa mtu. Manesi walikuwa wamejaribu wakashindwa. Sasa ilikuwa zamu yangu, mimi ninayelipwa kucheza.

Nilimpa mpira wa kuminya, akauficha chini ya godoro. Niliimba nyimbo za kupiga makofi, akapiga paja kwa mkono wa kushoto. Siku moja nilishika kidole kimoja tu, polepole, akapiga ukelele uliofika mochari. Bibi akanipiga begani. "Nyara, wewe una roho ya chuma?" Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo, ila siku hiyo halikutoka kama neno la mapenzi. Akaufunga mkono wa mjukuu kifuani kwa leso, akawa anamlisha, anamfuta, anamkuna hata mgongo. Mapenzi yake yalikuwa yakiua mkono ule mbele ya macho yangu, nami nilimchukia bibi yule, nasema wazi.

Nyuma ya wodi ya wanaume, wagonjwa waliopata nafuu walikuwa wamechimba mashimo ya ajua, ule mchezo wa kupanda kete shimo kwa shimo na kuteka za mwenzako. Alasiri moja bibi alipita pale na beseni, akasimama. Macho yake yalikuwa na ukungu, haoni kete hata moja, lakini alizisikiliza zinavyoanguka, kisha akamwambia mzee mmoja kwamba amecheza ovyo. Wanaume wakamcheka, tangu lini mwanamke akajua ajua?

Alirudi amevimba kwa hasira. Alifundishwa na kaka zake, aliniambia, na aliwafunga wote mpaka macho yalipomwacha. Nikamtazama, nikaona mlango.

Nilichimba mashimo kando ya wodi yetu, kwenye maua ya Sista, nikatafuta zile mbegu ngumu za kijivu zinazotumika kama kete. "Karibu nikufunge, dani," nikamwambia, yaani nyanya.

"Wewe mtoto ya Kuria, wewe utafunga nani?"

Mjukuu akawa macho yake. Alimtajia kete zilizo katika kila shimo, bibi akatoa amri, na mtoto akapanda kwa mkono wa kushoto. Nikawafunga. Kesho yake nikawafunga tena, nikacheza na ngoma kidogo. Bibi akapandisha mori.

"Kushoto!" alimfokea mjukuu. "Nani anapanda mbegu na kushoto? Ndiyo sababu tunafungwa!"

Kwao kama kwetu, mkono wa kushoto haumpi mkubwa kitu, sembuse kumpandia mbegu. Sikuongeza neno ila chumvi. "Kweli, dani, kushoto kuna mkosi. Lakini mtoto ana mkono mmoja tu. Wewe zoea kufungwa."

Bibi alipumua kwa pua. Kisha akapapasa fundo la leso kifuani pa mjukuu wake, akalifungua mwenyewe. "Toa hiyo mkono," akasema.

Ajua haina huruma. Kuokota kete ni kazi ya vidole viwili, lakini kuchota shimo lililojaa kunataka kiganja kizima. Chozi lilimtoka mtoto, hakuacha, kwa kuwa walikuwa wanashinda. Na yule bibi aliyenipiga kwa ajili ya kidole kimoja sasa alikuwa akipaza sauti, "Chota yote! Haraka!" Sista alikuja kuuliza habari za maua yake. Akaona vidole, akaenda zake.

Mimi nikaanza kufungwa, na sipendi kufungwa. Nikaanza kuiba kete, maana bibi haoni. Mtoto aliona. Kila mara alipiga yowe la mwizi, wodi nzima ikashangilia.

Daktari akaja. Msichana alipoona koti jeupe, aliganda na kukunja ngumi. Sista akambembeleza afungue, wapi! Daktari akajaribu kuvinyoosha vile vidole, mtoto akalia, naye akatikisa kichwa na kutaja Kisumu. Neno hilo bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Akaanza kukunja mkeka.

Nikamsihi Sista amwambie daktari atoke nje nasi, kidogo tu. Tukaketi kwenye mashimo yetu. Mtoto akawa anadonoa kete kwa ncha za vidole viwili, vingine vimejikunja. Daktari akatazama saa.

Nilikwisha kumjua mtoto yule. Maumivu aliyavumilia, hofu aliivumilia, lakini wizi hapana. Basi nikanyoosha mkono mchana kweupe, nikachota kete za shimo lao lililonona kuliko yote.

Nilitarajia yowe. Nilipata kofi. Kiganja chake kilitua juu ya mkono wangu, kikaubana ardhini pamoja na kete nilizoiba, vidole vyote vimelala bapa mpaka kwenye kucha, naye akakilalia kwa uzito wake wote nisije nikaponyoka. Kisha akatambua kwamba amempiga mtu mzima. Akamtazama bibi yake kwa woga, lakini mkono hakuuinua.

Daktari alichuchumaa kwenye mchanga na suruali yake safi, akakitazama kiganja kile bila kukigusa, akacheka, akamwambia Sista neno. "Hakuna Kisumu," Sista akatutafsiria. Mimi niliangua kilio, kilio cha furaha chenye makamasi, mbele ya wakubwa wangu.

Bibi alipapasa ardhi mpaka akaifikia mikono yetu. Akavigusa vidole vya mjukuu wake, kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho, akavirudia tena.

"Utalia baadaye, nyara," akaniambia. "Kwanza rudisha kete yetu."