Mgombea wa Kitana

Kaka yangu Sila Chilongani hana unywele hata mmoja kichwani, na mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi aligombea ubunge kwa alama ya kitana. Msicheke kwanza. Chama cha Nafuu kilikuwa kichanga, alama nzuri nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa na wenye mbio, wao wakabakiwa na kitana. Sila alipokea bendera, fulana mbili na picha kubwa ya kitana, akarudi nyumbani Msalato anatabasamu kama bwana harusi. Haya, sasa chekeni.

Mimi Violeth, mdogo wake, nikateuliwa meneja wa kampeni kwa sababu nina sauti na sina aibu. Mali ya kampeni ilikuwa spika moja ya pembe, betri ya gari, na mkokoteni wa punda. Punda mwenyewe hakuipenda siasa. Kila Sila aliposema "Ndugu wananchi!" mnyama alishtuka akatimua mbio, spika inapiga kelele kuelekea porini, mimi nyuma nimekunja kanga nakimbia, na mgombea nyuma yangu anamalizia sentensi yake. Watoto wa vijiji vyote vya jirani walitupenda sana. Kwa bahati mbaya watoto hawapigi kura.

Shida ilikuwa sera. Kaka alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu. Hajawahi kuvuta hata sigara. Karata hajui ipi kopa ipi shupaza. Kanisani ndiye mwenye besi, akiimba madirisha yanatetemeka. Sasa mtu wa namna hiyo anasimama mnadani, jua la Oktoba linamchoma utosini, anatangaza kwamba mvuta bangi asifungwe, bali atozwe faini ndogo au apelekwe hospitali, na anayepaswa kusakwa ni tajiri anayeileta kwa magunia. Tena kamari isichezwe vichakani kwa kuvizia polisi. Iandikishwe, ilipe ushuru, na watoto wafukuzwe hapo.

"Mzee, unauza au unavuta?" aliuliza Denis, mchoma nyama wa mnadani, na mnada mzima ukacheka mpaka mbuzi wakageuza shingo.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesikiliza. Walikuja, ndiyo, walikuja wengi, lakini walikuja kama watu wanaokwenda kutazama mazingaombwe. Akifungua mdomo tu, mmoja anajifanya anavuta, mwingine anajifanya kalewa, basi, mkutano umekwisha. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitaka kumpiga mtu kwa spika.

Lakini nilijua sera ile ilitoka wapi. Mke wa kaka yangu, wifi yangu Lydia, ana mdogo wake anaitwa Henry. Kijana huyo alikuja kutoka Iringa kukaa kwao, fundi seremala mwenye mikono ya dhahabu. Jioni moja akakutwa na msokoto mmoja wa bangi mfukoni. Mmoja tu. Akahukumiwa kifungo, na akaletwa gereza lile lile alilofanya kazi shemeji yake. Sila ndiye aliyekuwa zamu. Sila ndiye aliyemfungia mlango. Kazi ni kazi, alisema. Henry aliingia akijua kuranda mbao, akatoka akijua kuvunja kila aina ya kufuli, na mtu wa kumpa kazi ya useremala hakumpata tena. Alikwenda Kongwa kuchunga ng'ombe wa watu, na Msalato hakukanyaga tena.

Lydia hakugomba. Afadhali angegomba, sisi tumezoea. Alipika, alipiga pasi, alimwitikia mumewe kwa heshima zote, lakini hakutembea tena ubavuni pake, wala jina la Henry halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Sila alinyamaza, Lydia alinyamaza, wakazeeka hivyo hivyo.

"Violeth," kaka aliniambia wakati tunamfunga punda, "kiti cha bunge nikikikosa sitakufa. Ninachotaka ni Lydia aje anisikilize hata mara moja. Nyumbani sikuweza kuyasema. Huku kwenye spika naweza."

Kwa hiyo kila asubuhi alimwomba. "Mama Anitha, leo tuna mkutano."

"Nina mtama wa kutwanga," Lydia alijibu.

Mtama uliotwangwa kampeni ile ungelisha kambi ya jeshi.

Halafu Mchungaji Filipo akamalizia matumaini yaliyobaki. Alikuja nyumbani, akanywa chai yetu vizuri, akamwambia Lydia kwamba kiongozi wa akina mama wa kanisa hapaswi kuonekana kwenye jukwaa la bangi na kamari. Lydia akainamisha kichwa. "Nimesikia, Mchungaji." Kaka yangu alitoka nje akaenda kumsugua punda ambaye alikuwa ameshasuguliwa.

Sasa, mchungaji yule alikuwa msomi, Biblia aliijua mbele na nyuma. Lakini alikuwa Mgogo, na alisahau kwamba Lydia ni Mhehe. Mgogo na Mhehe ni watani tangu enzi za mababu. Mtani atakuchukulia kitu chako mchana kweupe, atakutukana mbele ya wakwe, atalala ndani ya kaburi lako mpaka alipwe ndipo uzikwe, na ole wako ukasirike. Ukinuna kwa utani, mnunaji ndiye mwenye kosa.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato. Watu walikuwa wamejaa kwa ajili ya nyama, nasi tukajifanya wamejaa kwa ajili yetu. Mchungaji Filipo naye alikuwa pale, kwa nyuma, na kofia yake nzuri ya kijivu, anahesabu kondoo wake gani wamepotea njia.

"Mbukwenyi!" Sila alisalimia kwa Kigogo.

"Washa tuvute!" umati ukaitikia.

Hapo ndipo nilipomwona wifi yangu. Alitokea upande wa majiko ya nyama, kanga kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Alipompita mchungaji, akamvua kofia, akaivaa yeye, akapanda mkokoteni na kunipokonya kipaza sauti. Hata punda alisimama kimya.

"Wagogo!" akapaza sauti.

"Mhehe huyo!" watu wakalipuka. "Fungieni mbwa!"

"Mbwa wenu wamekonda, hata supu hawatoi! Nyamazeni, nyie walamba mlenda, leo nazungumza mimi. Mnamwona huyu mwenye kichwa kinachong'aa? Mimi ndiye ninayelala naye. Anakoroma kama mashine ya kusaga. Chama chake kimempa kitana! Kwani hawakumwona? Angepewa hii." Akaichukua kofia ya mchungaji, akamkandamizia kaka yangu kichwani mpaka machoni.

Nilicheka nikakaa chini. Denis mchoma nyama aliacha mishikaki ikaungua.

"Lydia!" mchungaji aliita. "Nilikukataza!"

"Ulimkataza kiongozi wa akina mama. Yule yuko nyumbani, anatwanga mtama. Mimi ni mtani wako, nimefuata kofia. Na wewe usiyetaka kamari, nani aliuza tiketi za bahati nasibu ya mbuzi wa kanisa tulipokuwa tunatafuta bati? Nilinunua nne! Mbuzi akaenda kwa mzee wa kanisa. Ile ilikuwa nini, Mchungaji, ubatizo?"

Mnada ulipasuka. Watu walishikana mabega, wengine walijifuta machozi kwa mikono yenye mafuta. Mchungaji alijaribu kununa, akatazama kulia na kushoto, akakumbuka sheria, halafu kicheko kikamponyoka na hakikuweza kurudi. Alicheka mpaka akaomba kigoda.

Lydia akangoja. Kelele zilipopungua hakupandisha sauti, aliishusha.

"Kwa kuwa leo hakuna ruhusa ya kunikasirikia," alisema, "nasema na hili. Nina mdogo wangu, Henry. Alifungwa kwa msokoto mmoja, na mume wangu huyu ndiye aliyefunga mlango. Tangu hapo nimekula naye, nimesali naye, nikidhani nimeolewa na kufuli. Hakuniambia hata neno. Nimemsikia juzi kutoka nyuma ya ua, anapiga kelele kwenye spika kwamba vijana wasifungwe, na punda anamkimbia, na anaendelea kusema." Akamgeukia. "Mjinga wewe! Ilikuwa lazima ugombee ubunge ndipo uniombe msamaha?"

Sheria ya utani inamkataza mtu kukasirika. Kuhusu kulia haisemi kitu. Kaka yangu, askari magereza mstaafu, aliivua ile kofia akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika mbele ya wapiga kura. Lydia akasimama ubavuni pake, akamshika mkono wa shati, hakuuachia. Mimi nililia nikicheka na sioni aibu kuyasema.

Ndipo Denis akainua uma wake wa kugeuzia nyama. Nilijiandaa kumrukia.

"Mzee Sila," alisema, na hakuwa anacheka, "mwanangu wa kwanza yuko ndani tangu mvua za mwaka jana, kwa jambo hilo hilo. Hebu eleza tena hiyo ya hospitali. Taratibu."

Sila akaeleza taratibu. Mara ya kwanza katika kampeni nzima, aliieleza sera yake mpaka mwisho. Akaulizwa swali, akajibu, akaulizwa jingine na mwanamke muuza nyanya, kuhusu mumewe na karata, akajibu na hilo. Jua lilishuka watu bado wamesimama. Mchungaji alikomboa kofia yake kwa mguu mzima wa mbuzi wa kuchoma, tukaula wote, na yeye akala kuliko sisi.

Msinielewe vibaya. Tulishindwa. Tulishindwa vibaya, kwa namna ambayo hata wapinzani wetu walituonea huruma. Watu wa mnada walikula, wakauliza maswali, wakashikana mikono nasi, kisha wakaenda kuchagua walichozoea. Nilitukana kutoka kituo cha kura mpaka nyumbani. Kaka yangu alikuwa anapiga mluzi.

Lydia alikuwa mlangoni.

"Umeshindwa?" aliuliza.

"Nimeshindwa, Mama Anitha. Vibaya sana."

"Vizuri. Basi una nafasi. Kesho tunakwenda Kongwa kwa Henry, mimi na wewe."

Mluzi ukakatika. Sila akaingia ndani mbio mbio, na tukamsikia anafungua sanduku na kuuliza kwa sauti ile ya besi shati lake jeupe liko wapi.