Wimbo wa Kilio Ulioingia Nyumba ya Mtoto Mchanga

Asubuhi, jua la Lubumbashi likiwa bado jekundu kwa vumbi, Plamedie anaweka kidole kandokando ya mto. Mto umo ndani ya kioo cha tableti. Anakisogeza kidole polepole, na sauti za wanawake zinapanda kama harufu ya chakula cha jirani. Kikienda kushoto wanawake wanafifia, gitaa linaingia. Kikipanda juu, kwaya.

Hakuna majina yaliyoandikwa. Kuna rangi tu, na nukta zinazong'aa kama taa za nyumba zinazoonekana kwa mbali.

Mteja wa kwanza, Papa Aimé, anakuna kichwa. "Minatafuta ile wimbo baba yangu alikuwa anapiga mluzi. Jina mi sijue."

"Jina haina shida, papa. Tembeza kidole. Usitafute, tembea tu."

Anatembea. Mara anasimama, amefumba macho. "Njo hii! Njo hii yenyewe!"

Plamedie ana miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kuwatilia watu nyimbo kwenye simu, katika kibanda kilicho karibu na soko la Kenya, mtaa wa humo humo Lubumbashi. Wimbo mmoja faranga mia tano. Siku nyingine chakula cha nyumba kinatoka humo, siku nyingine hakitoki.

Baba yake, Symphorien, alifanya kazi ya reli. Alikuwa na mluzi wa kila kituo. "Akipiga ule wa Kamina, mi ninaona Kamina, na sijafika hata siku moja," anasema Plamedie. "Nilijua nyimbo iko na mahali pake, sawa vile kituo."

Kwa hiyo akaanza kuchora ramani ya nyimbo. Kwanza kwenye katoni, kwa chaki za rangi. Baadaye binamu yake Dominique, aliyesomea kompyuta, akaifanya mashine isikilize yenyewe na kulaza karibu karibu nyimbo zinazofanana kwa mwendo na sauti. Plamedie akachagua rangi, vilima na mto. Mahali ambapo hakuna aliyeleta wimbo akaacha ukungu. Upande wa kaskazini, kuelekea Pweto, ulikuwa ukungu mtupu.

"Ukungu iko muzuri," anasema. "Muntu anauona, anasema: ee, lakini kwetu iko apo! Anarudi nyumbani kutafuta kaseti."

Mpaka hapo ni ndoto nzuri. Lakini mwenye mtoto nyumbani asome polepole yanayofuata.

Mwaka jana alikuja Joëlle, jirani aliyetoka kujifungua, mtoto mgongoni. Akatembeza kidole, akapata wimbo wa mwanamke mmoja anayeimba peke yake, pole sana, bila ngoma. Mtoto akasinzia palepale kibandani. Joëlle akauchukua. Ikawa kila alasiri anauweka, mtoto analala, yeye anafua.

Siku moja mama mkwe wake, Mama Albertine, akafika kutoka Kasenga na kikapu cha samaki wakavu. Alikuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye lango akasikia wimbo unatoka dirishani.

Ulikuwa wimbo wa kilio. Kwao, kandokando ya mto Luapula, wanawake huuimba wanapozika mtoto mdogo.

Mama Albertine akatua kikapu chini, akavua kitambaa cha kichwa, akaingia analia. Majirani wakaja mbio. Joëlle akatokea mikono imejaa povu.

"Mutoto alikufa lini? Juu ya nini hamukunipigia?"

"Mama, nani alikufa? Mutoto eko analala!"

Hakusadiki mpaka aliposhika miguu ya mtoto na kuikuta ya moto. Hapo kilio kikageuka hasira.

"Nani alikupa huu wimbo?"

Aliyeutoa ni Plamedie. Na Plamedie ndiye aliyekuwa anamwomba Mama Albertine kaseti kwa muda mrefu, kupitia kwa Joëlle. Marehemu mume wa mama huyo alipita na mashine ya kurekodia katika mitumbwi, toka Kasenga mpaka Pweto, akichukua sauti za wanawake wanaokausha samaki. Kaseti hizo hazina nakala. Zimeanza kuota ukungu, na huu si ule wa kuchora.

"Sauti za bantu bangu, nikupe wewe?" Mama Albertine alimwambia, alipomfuata kibandani. "Utazilaza wapi? Na kilio, mu kitanda ya mutoto?"

Mashine ilisikia mwanamke, mwendo wa pole, hakuna ngoma, ikalaza kilio pamoja na nyimbo za kubembeleza. "Masikio yake haikukosea," anasema Dominique. "Zinafanana kweli. Lakini machine haina mama mkwe."

Plamedie hakucheka. Angeweza kuufuta ule wimbo, yakaisha. "Nikifuta, ni kama bale batoto balizikwa, na hakuna mwenye alibalilia," anasema.

Akaenda kwa Joëlle na tableti yake. Akaketi kwenye mkeka, miguuni pa mama mkwe. "Mama, nionyeshe wewe."

"Kidole yangu inanuka samaki."

"Nyimbo yenyewe inanuka samaki, mama."

Mama Albertine akacheka bila kutaka. Kisha akaanza kusogeza nukta. "Hii apa. Hii kule. Hii, toa kabisa kwa batoto!"

Plamedie akauchora mto upya, mpana, buluu ya giza. Ng'ambo moja nyimbo za kubembeleza, ng'ambo ya pili za kilio. Kidole kikiingia mtoni, hakuna sauti yoyote. Lazima ukishikilie katika ukimya mpaka uvuke.

Mama Albertine akajaribu. Akavuka, akarudi. "Muzuri. Kwetu muntu akikaribia kilio, anafunga redio, anafunga kinywa. Kimya inaingia mbele, yeye anafuata."

Wazazi, simu za watoto wetu zimejaa nyimbo zisizo na mahali. Wimbo mtamu si lazima uwe wa kulalia. Tuwaambie wangali wadogo: huu wa ndoa, huu wa kazi, huu wa kilio. Na ninyi vijana wenye mashine, ulizeni kabla ya kupanga. Tukinyamaza sisi, mashine itapanga inavyosikia, na kaseti zitaoza sandukuni.

Asubuhi hii kibandani, Papa Aimé anaondoka anapiga mluzi. Mara mlangoni anasimama Mama Albertine, mkononi kitu kimefungwa kwa kitenge.

"Moja tu," anasema. "Nione kwanza."

Plamedie anakifungua kitenge, anaiweka kaseti kwenye redio. Mvumo, maji yanapiga mtumbwi, halafu sauti ya mwanamume: "Imba, Albertine. Usione haya." Msichana anaanza kubembeleza mtoto.

Mama Albertine anaangalia chini. "Bwana ya Joëlle, njo ule mutoto eko mu mikono yangu pale. Tulikuwa Pweto."

Plamedie anatamani siku moja ukungu wote uondoke, ila kila nukta iwekwe na kidole cha mwenye wimbo. Anaurekodi wimbo kwenye tableti. Kisha anamsogezea Mama Albertine tableti hiyo.

Kidole kinavuka mto bila sauti, kinapanda kaskazini, kinaingia ukunguni. Kinabonyeza. Ukungu unafunguka kidogo, nukta inawaka.

"Apa," anasema Mama Albertine. "Njo apa ule mutoto alilala usingizi." Anakunja kitenge chake. "Zingine nitaleta na samaki."