Tangi Langu Lilivyosifiwa na Wataalamu Watatu

Mpwa wangu anafundisha chuo kikuu. Mtaani tunamwita Daktari wa Matangi, maana mwaka wa nne huu anapanda mapaa ya watu kuchota maji ya matangi kwa vichupa, atazame viluwiluwi vya mbu. Akili karithi ujombani. Dada yangu, mama yake, atabisha, lakini kalamu ninayo mimi.

Alikuwa anataka kupandishwa cheo. Kumbe siku hizi kufundisha vizuri hakutoshi. Lazima makala zako zitoke kwenye majarida, na wasomi wengine wazitaje, nao huko duniani wanahesabu nani katajwa mara ngapi. Alibakiza makala moja. Ilikuwa tayari, ila jarida la maana hukaa na makala mwaka mzima likiikagua, na mwisho wa maombi ya cheo ulikuwa Ijumaa.

Jumatatu ikaingia barua pepe ya jarida asilolijua: "Profesa Mashuhuri, tuletee makala, tunachapisha upesi."

"Mjomba, hata profesa sijawa."

"Si wameshakupa? Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Peleka!"

Akapeleka, shingo upande. Jumatano jibu hilo: wataalamu watatu wameisoma, wamesifu hoja zake nzito, imekubaliwa bila kuguswa hata nukta. Nikatangaza kwa kinyozi.

Jioni nikamkuta kajishika kichwa. "Hebu soma nilichowapelekea."

Kwa haraka alikuwa ameambatisha faili lingine kabisa: orodha ya wenye matangi. Mstari wa saba: "Mjomba. Ngazi mbovu. Viluwiluwi tele. Asiambiwe, atanuna."

Nilinuna.

"Lakini wamekubali," nikasema baadaye. "Wabadilishie kimyakimya, uchukue cheo. Nani atajua?"

"Kinyozi, kabla ya Ijumaa."

Nikarudi kuusoma mstari wa saba.

"Na makala yangu inataja kipimo cha dawa ya kutia kwenye maji," akaongeza. "Nikikosea, nani atanishika? Hawa waliosifu ngazi yako?"

Akawaandikia kuwa anajitoa. Ijumaa ikapita, wenzake wawili wakapanda cheo, yeye akabaki pale pale. Makala akaipeleka kwa wale wa polepole. Wamerudi juzi, baada ya miezi minane, na maswali tisa. Mojawapo, mbona hakupima kiangazi?

Ndiyo maana leo yuko juu ya paa langu tena, mimi nimeshika ngazi. Mpya.

"Mjomba, bado vimo!"

"Viandike kwa adabu," nikamjibu. "Hivyo vina sifa za kimataifa."