Sura Chini ya Rangi Nyeupe

Dada yangu mkubwa alikuwa anachora mabango ya maduka hapa mtaani kwetu Kimanga, pamoja na sura za marehemu. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, picha ya marehemu husimamishwa mbele ya watu, na yeye ndiye aliyekuwa akizikuza kutoka picha ndogo za vitambulisho. Mimi nilimsugulia tu mbao za kuchorea. Shule niliacha mapema, ya uchoraji siyajui; nasema nilichoona.

Ndugu yetu aliyehamishiwa Kanada kutoka kambi ya wakimbizi alitutumia kitabu cha wanawake wachoraji wa zamani wa kule. Kwa Kifaransa changu kidogo nilielewa kwamba walichekwa, kwa sababu walichora nyuso za kijani na miti kama moshi. Dada alikipenda mpaka akaacha ugali ukaungua.

Kisha mto ulishuka na mawe, ukabeba nyumba. Jirani yetu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alipoteza binti yake na picha zake zote. Akaja kuomba sura kwa maelezo ya mdomo tu: paji pana, jino la mbele limevunjika. Dada akachora kwa namna ya kile kitabu. Mashavu ya kijani, macho rangi ya tope. Labda ilikuwa kazi nzuri. Labda kitabu kilimpotosha. Mpaka leo sijui.

Siku ya matanga yule mama aliisogelea picha.

"Huyu ni muntu wa maji," alisema. "Mutoto wangu iko wapi?"

Mjomba wa marehemu akasema kumbe wamechorewa chura, na vijana wa nyuma wakacheka. Simhukumu, ndiye aliyechimba tope kumtafuta mtoto wakati wengine tumechoka.

Ubao wa picha ulirudishwa kwetu. Ulikaa nyuma ya mlango, kisha dada akaupaka nyeupe, maana mbao ni ghali, akaandika juu yake tangazo la saluni moja ya mtaani. Alikuwa anamalizia herufi ya mwisho yule mama alipoingia. Alisema sasa akifumba macho anaona sura ileile ya kijani tu, ya zamani haiji tena. Kama alikuja kulaumu au kuomba, sikuelewa.

Dada akamwonyesha ubao.

"Tukisugua?"

"Nyeupe na sura, yote itatoka pamoja, mama."

"Lakini iko mule ndani?"

"Iko."

Akauchukua. Mwenye saluni alilalamika baadaye, na haki alikuwa nayo. Muuza ndagala alipanda barabara ameukumbatia, upande wa maandishi kifuani, na rangi ilikuwa bado mbichi.